Na Vyote Vilivyomo Ndani Yake

"Mlivunja diski, hamkusafisha seva," nilimwambia Mchungaji Nehemiya kwa mara ya tatu. "Hivyo ni vitu viwili."

"Mama Munezero, tulizivunja mbele ya kanisa nzima," akajibu, naye kwa mara ya tatu. "Watu mingi waliona. Weye ulikuwa fasi gani?"

"Kabazana. Nilikuwa natafsiria wakimbizi wapya walioingia Jumamosi. Ni nyinyi mlionituma."

"Basi hukuona."

"Sihitaji kuona nyundo ili nijue kilichobaki ndani ya mashine, Mchungaji."

"Hakuna kilichobaki. Iko mu PV."

Akaigonga kwa kidole karatasi iliyokuwa mbele yake, kana kwamba karatasi ndiyo seva. Nyuma yake, mahali ilipokaa seva kwa miaka minne, palikuwa na mashine ya kopi, imeshafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Ilikuwa imelala ofisini usiku mmoja tu, na tayari ilikuwa imepata heshima ambayo seva haikuipata hata siku moja. Juu ya seva tulikuwa tunaweka vikombe vya chai.

Niseme mimi ni nani, kwa sababu kamati ilisahau. Mimi ndiye niliyeitunza ile seva ya Umoja wa Wafariji, kikundi cha kanisa letu hapa Misiera kwenye kambi ya wakimbizi, tangu ilipoletwa na mradi. Nilisomea kazi hiyo chuoni Mbarara, miaka miwili, nikiwa na mtoto mgongoni, nikapata diploma. Diploma hiyo haiko nyumbani kwangu. Iko kwenye ukuta wa ofisi, ndani ya kioo, kwa sababu wageni wa mradi hupenda kuona vyeti. Kamati ilipokaa kujadili namna ya kuondoa seva, ilikaa chini ya diploma yangu, ikaamua bila kumwuliza mwenye diploma.

Walichoamua nilisimuliwa na kila mtu niliyekutana naye asubuhi hiyo. Jumapili, baada ya sadaka ya pili, mashemasi walileta diski mbili kwenye sinia. Mchungaji akahubiri juu ya mambo ya kale yanayopita. Kisha wajumbe wa kamati wakapanga mstari kwa vyeo, kila mmoja akapiga nyundo mara moja, kwaya ikiimba. Mweka hazina alipiga kidole chake. Mabaki wakayazika nyuma ya choo, wakaombea shimo. Sijawahi kuona mtu wa kwetu akizikwa kwa utaratibu mzuri hivyo.

Halafu wakaandika PV.

Kwa asiyetujua sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini, PV ni karatasi inayoeleza kilichofanyika, nani alikuwepo na saa ngapi, yenye sahihi tano na muhuri. Kwetu jambo lisilo na PV halijatokea, na lililo na PV limetokea hata kama halikutokea. Mwandishi wa kamati, Twizeyimana, alikuwa karani wa serikali huko kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kukimbia aliacha mbuzi kumi na wanne, akaokoa kibweta cha wino. Muhuri wa Umoja anautunza yeye, na hulala nao.

Nikaivuta ile karatasi nikaisoma kwa sauti.

"'Seva moja, ikiwa tupu, isiyo na siri yoyote, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, imekabidhiwa kwa Bwana Meddy wa Mbarara, naye ametoa mashine moja ya kopi.' Mzee Twizeyimana, ni tupu au ina vyote vilivyomo ndani yake?"

"Ile ni formule, mama," alisema Twizeyimana bila kuudhika. Alikuwa amekaa kando akipangusa muhuri kwa kitambaa. "Kila PV ya kukabidhi inakuwa na 'vyote vilivyomo'. Bila ile, aliyepokea anaweza kulalamika."

"Na sasa akikuta kitu ndani hamuwezi kulalamika nyinyi."

"Atakuta nini? Tulisha sema iko tupu."

Nikavuta pumzi. Nikawaeleza tena, polepole, kama ninavyomweleza mwanangu Munezero hesabu za kugawanya. Nikasema diski ni ghala, lakini ndani ya seva kuna vyumba vingine. Kwenye bodi yenyewe kuna kadi ndogo, saizi ya ukucha wa dole gumba, na seva inaweza kuwaka kwa kadi hiyo peke yake. Kuna kifaa kinachosimamia diski, nacho kina kumbukumbu yake na betri yake, ili umeme ukikatika kisisahau kilichokuwa kinaandikwa. Kuna chipu inayohifadhi majina ya watumiaji na siku walizoingia. Kuna betri nyingine kama sarafu inayoshikilia mipangilio. Vyote hivyo havina habari na nyundo yenu.

Mchungaji alisikiliza akiwa amefumba macho. Watu hudhani anasali, kumbe anasubiri umalize.

"Mama Munezero," alisema, "kama kuna kadogo kamebaki, yule fundi wa Meddy atakatoa. Ni mwana wa kwetu. Ni Natanaeli."

Nikairudisha karatasi mezani.

"Unamukumbuka Natanaeli?" Twizeyimana akauliza. "Alikuwaka anatengeneza simu hapa karibu na Base Camp. Bibi yake alimukimbia."

"Namkumbuka," nikasema.

Hapo ugomvi ulikwisha kwa upande wangu, na hawakujua kwa nini. Walidhani wameshinda.

Sababu ni hii. Umoja wa Wafariji ulikuwa na dawati la akina mama wanaopigwa nyumbani. Mama Angeline alikuwa anawasikiliza, mimi naandika. Wanawake thelathini na mmoja walipitia pale wakihamishwa kwa siri, na orodha ya walikopelekwa tuliijua watu wawili tu, mimi na Angeline, na Angeline sasa yuko Kanada. Orodha ilikuwa kwenye diski, ikiwa imefungwa kwa nywila. Lakini umeme wa Misiera unajulikana. Diski zilikufa mara mbili mwaka mmoja. Mara ya pili nilichoka, nikatengeneza nakala kwenye ile kadi ya bodini, bila nywila, nikisema nitaifunga kesho. Hiyo kesho ina miaka mitatu. Kwa hiyo, kabla sijawacheka watu wa nyundo, ilinipasa nikumbuke nani aliacha mlango wazi.

Jina la tisa kwenye orodha ni Kantengwa. Mkono wake wa kushoto haunyooki, kwa sababu mumewe aliuvunja mara mbili mahali pamoja. Mume ni Natanaeli. Mbele ya jina la Kantengwa niliandika mwenyewe: Nyamitanga, jikoni kwa masista, na jina la nyumba. Nyamitanga iko ng'ambo ya mto tu ukitoka Mbarara mjini. Kutoka duka la Meddy mtu anakwenda kwa miguu na jasho halimtoki.

Utasema, si ungemwambia Mchungaji. Mchungaji Nehemiya ni mtu mwema kwa namna yake, na namna yake ndiyo shida. Mwaka jana alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya mwanamke anayeacha nyumba yake. Alimshika Natanaeli mkono madhabahuni akaahidi kumrudishia mke. Angejua Kantengwa yuko wapi, angempigia Natanaeli simu kabla ya kufunga Biblia, halafu angekasirika kwamba mwanamke wa kanisa letu analala kwa Wakatoliki. Hilo la pili lingemuuma zaidi.

"Nakwenda Mbarara," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kumalizia usafi. Nusu saa."

"Hautagusa mashini ile bila PV," alisema Twizeyimana, akasimama. "Ilisha kabidhiwa. Kugusa kitu kilichokabidhiwa kunaomba PV ya nyongeza. Nitaenda na weye."

Alichukua mkoba wake. Ndani mlikuwa na muhuri, kibweta, karatasi, na koti la mvua la muhuri.

*

Tulifika dukani kwa Meddy saa saba kasoro robo. Duka liko kwenye barabara inayoteremkia mto Rwizi, na ukisimama mlangoni unaona mabati ya Nyamitanga ng'ambo. Sikupenda kuyaona.

Meddy ni mtu mnene, mcheshi, aliyekulia kambini kwa jeshi. Baba yake alikuwa sajini, na Kiswahili alikipata kwa kusikia watu wakiamrishwa.

"Karibu, nyabo. Karibu, mzee," alisema. "Kuja hapa muone. Nyinyi nasema iko tupu. Mimi naweka moto. Angalia."

Seva ilikuwa mezani, bapa kama sinia la arusi, feni zikipiga kelele. Kwenye skrini palikuwa na maandishi meupe niliyoyajua kama mwandiko wangu: KARIBU WAFARIJI, na chini yake nafasi ya kuandika jina.

Twizeyimana alivaa miwani akaisogelea.

"Lakini tulizika diski," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa inawaka na nini?"

"Na kile nilichokuwa nawaambia tangu asubuhi."

Akageuka akaitazama nakala yake ya PV, kisha skrini, kisha PV tena. Nilimwonea huruma kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kitu chenye muhuri kumpinga usoni.

"Hii mashine kali," alisema Meddy. "Hapana diski, na inafanya. Mimi nasema wacha tu, Natanaeli arudi, yeye atafungua. Ameenda barracks, kuna mke ya afande kompyuta yake imekufa. Saa nane iko hapa."

"Meddy, nina kazi ndogo nilisahau kuimalizia," nikasema. "Nisafishe kilichobaki, kisha mashine ni yako kabisa."

"Kwa nini nasafisha? Natanaeli anapenda ile kazi. Kompyuta ikikuja, kitu ya kwanza anaangalia kilichobaki. Anapata picha ya arusi, anapata barua ya mapenzi. Anatusomea hapa, tunacheka mpaka tunalia."

"Ndiyo maana nataka kusafisha. Hapa kuna barua za Mchungaji."

Meddy akacheka. "Za mapenzi?"

"Za bajeti."

"Ah. Hiyo safisha. Lakini sikiliza, nyabo. Ikitoka hapa lazima iwake. Nimetoa mashine ya kopi mzima. Ikikataa, nachukua yangu."

"Kale, sawa," nikasema, nikavua koti.

Twizeyimana alikuwa ameshapiga simu Misiera na kuweka sauti ya juu, ili kila kitu kishuhudiwe.

"Mchungaji, mama anataka kufungua. Nimuandikie nyongeza?"

"Kwa motif gani?" ilisema simu.

"Kwa sababu gani, mama?" Twizeyimana akanifasiria, kana kwamba sikusikia.

"Usafi."

"Usafi haiko motif," ilisema simu. "Tulisha safisha. Tukiandika usafi tena, tunakubali kama PV ya kwanza ilikuwa ya bongo, ya uongo. Aseme kuko nini mu mashini. Aseme jina ya kile kintu."

Hapo ndipo penye mkanganyiko wote. Ili wanipe ruhusa ya kufuta siri, ilinibidi niwasomee siri kwa sauti ya juu, mbele ya mwenye duka, iandikwe nakala tatu, ipigwe muhuri, na kwa bahati nzuri sasa wana mashine ya kopi.

"Andikeni mtakavyo," nikasema. "Mimi naanza."

Nikaanza na chipu ya usimamizi, kwa sababu hiyo inahitaji umeme. Nikaingia kwenye mipangilio, nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Majina ya watumiaji yakaenda. Daftari la nani aliingia lini likaenda. Nilikuwa nimeingia mara elfu mbili mia tatu, Angeline mia tisa, Mchungaji mara moja, na hiyo moja alikuwa anatafuta mpira.

"Hiyo inaitwa nini?" aliuliza Twizeyimana, kalamu juu ya karatasi.

"Chipu ya usimamizi."

"Gérant," aliandika, yaani meneja.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki uishe. Nikafungua mfuniko. Vumbi la Misiera lilikuwa ndani, jekundu, limekaa kama mwenye nyumba. Nikachomoa betri ya kifaa cha diski. Taa ndogo ya kijani iliyoonyesha kwamba bado kinakumbuka kitu ilibaki ikiwaka dakika nzima, kisha ikazimika. Nikakaa nikaihesabia dakika nyingine tano juu yake. Nikatoa betri ya sarafu, nikahamisha kile kipini kidogo cha plastiki kinachofuta mipangilio ya bodi, nikasubiri, nikakirudisha mahali pake.

"Nyabo naweza hii kazi," alisema Meddy. Alikuwa ameacha kuwahudumia watu. "Mimi sikujua kama iko mambo mingi hivi."

"Iko mingi," alisema Twizeyimana kwa uchungu. Alikuwa kwenye ukurasa wa pili.

"Bado kadi," nikasema.

Kadi ndiyo ilikuwa ngumu. Ingekuwa kwangu ningeitoa nikaondoka nayo. Nilijaribu.

"Hapana, mama," alisema Twizeyimana papo hapo. "'Pamoja na vyote vilivyomo ndani yake.' Ile kadi iko ndani. Iko ya Meddy. Ukiitoa mu duka yake, ni wizi, na mimi nilisaini."

"Na bila kadi haiwaki," alisema Meddy. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi inabaki."

Nilimshukuru Twizeyimana kimoyomoyo kwa fomula yake. Kisha nikafanya lililobaki: kuifuta ikiwa palepale. Kufuta kwa haraka ni kung'oa jina mlangoni na kuacha chumba kilivyo. Mtu kama Natanaeli angekirudisha kwa programu ya bure huku anakunywa soda. Ilibidi kuiandika upya yote kwa sifuri, mwanzo hadi mwisho, kisha kuiwekea mfumo mpya ili iwake. Nikarudisha umeme, nikachomeka flashi yangu, nikaanza. Skrini ikaniambia asilimia moja. Kadi ilikuwa ya zamani na ya polepole kama kamati.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika thelathini na tano. Nikapiga hesabu. Asilimia mia ingefika saa tisa kasoro robo.

"Natanaeli hatachelewa huko barracks?" nikauliza, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Huyu? Hii seva imemnyima usingizi," alisema Meddy. "Ni yeye alinituma kwenu."

"Alikutuma?"

"Mimi nilijua Wafariji wapi? Yeye alisema, bosi, huko Misiera kuna seva, ni watu ya kanisa, hawajui bei yake. Mimi nasema, nawapa nini? Akasema usiwape pesa, wataunda kamati ya pesa. Wapelekee mashine ya kopi. Akasema wale watu wakiona mashine ya kopi watakupa hata mchungaji."

Meddy alicheka peke yake. Kalamu ya Twizeyimana ilikuwa imesimama.

"Natanaeli ndiye alisema hivyo?" aliuliza.

"Ndiyo. Hata alisema msisumbuke na diski. Wavunje diski kama wanataka. Yeye anataka tu bodi."

Nilimwangalia Twizeyimana. Yeye si mjinga. Ni mtu aliyezoea kusoma karatasi tu, na sasa alikuwa anasoma kitu kingine. Aliangalia mkono wangu wa kushoto, sijui kwa nini wangu, akaangalia nje mlangoni, kule mto ulipo. Alikuwepo kanisani siku Kantengwa alipoingia na ule mkono umefungwa kwa kitenge, na sote tukaambiwa ameanguka kisimani.

Simu ya Meddy ikalia. Akaweka sauti ya juu, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya sauti za juu.

"Bosi, ile seva isiguswe na mtu," ilisema sauti ya Natanaeli. "Niko petroli, nakuja."

"Kuna mama wa kwenu hapa. Anasafisha."

"Mama gani?"

"Wa Wafariji. Na mzee wa muhuri."

Tukasikia pikipiki ikiwashwa. "Muzuie," ilisema sauti. "Bosi, muzuie. Dakika tano." Simu ikakatika.

Skrini ilisema asilimia sita. Orodha ilikuwa mwishoni mwa kadi, nilijua, kwa sababu niliiweka mwisho.

"Nyabo," alisema Meddy, na sasa hakuwa anacheka, ingawa hakuwa mkali. "Wacha kidogo. Yeye ni fundi yangu."

Simu ya Twizeyimana nayo bado ilikuwa hewani juu ya meza, tumeisahau. "Mama Munezero," ilisema kwa sauti ya madhabahuni, "ukigusa ile mashini bila motif, kazi yako hapa imekwisha. Na diploma yako tutaitelemusha ku ukuta."

"Mtanirudishia?" nikauliza.



Twizeyimana alifungua mkoba. Nilidhani anatafuta ukurasa wa tatu. Akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akarudi kwenye mstari wa motif uliokuwa mtupu tangu tulipoingia, akaandika maneno mawili: sababu za kiufundi. Akapiga muhuri juu yake kwa nguvu, meza ikatikisika. Kisha akaikata simu ya Mchungaji kwa kidole hichohicho chenye wino.

"Iko na PV," alisema. "Endelea."

"Lakini haitawaka," nikamwambia Meddy. Nilitaka alijue hilo na mimi nikiwa mbele yake. "Nikifanya ninachotaka kufanya, haitawaka tena. Njoo Misiera kesho uchukue mashine yako ya kopi. Mzee huyu atakuandikia."

"Nitamuandikia," alisema Twizeyimana.

"Kwa nini?" aliuliza Meddy. "Nyabo, kuna nini humo?"

Nilimwangalia. Alikuwa ameuliza kama mtu, kwa mara ya kwanza siku hiyo yote, bila fomu. Lakini pikipiki ilikuwa inapanda barabara, na sikuwa na muda wa kumjibu mtu wala fomu.

Nikazima seva. Nikabonyeza kadi kwa ukucha, ikaruka kutoka kwenye tundu lake. Kwenye ukuta wa Meddy koleo zilikuwa zimetundikwa kwa ukubwa, kama wajumbe wa kamati. Nikachukua ya katikati, nikaiweka kadi kati ya meno yake, mahali penye chipu, nikabana kwa mikono miwili mpaka ikalia na kupasuka. Nikaigeuza nikabana tena.